DHAHABU: SOMA NAMBA KWANZA, PESA BAADAYE

Wadau wa Ulyankulu, hela ya tumbaku ikiingia mnajua kinachofuata: harusi. Kijana anapanda gari hadi Tabora mjini, anaingia kwa sonara, anaambiwa "hii dhahabu", analipa, basi. Hata ndani ya pete hajaangalia. Mkoa wetu una dhahabu, mgodi wa Golden Pride kule Nzega ulikuwa ukiichimba miaka ya 2000, lakini kukaa karibu na mgodi hakukufundishi kusoma pete.

Dhahabu tupu ni karati 24 (24K). Ni laini, inapinda kirahisi, ndiyo maana masonara huichanganya na shaba au fedha. Zile namba tatu zinaonyesha dhahabu ni sehemu ngapi kati ya 1000:

999 = 24K
916 = 22K
875 = 21K
750 = 18K
585 = 14K
375 = 9K

Mfano: pete ya gramu 4 yenye 750 ina dhahabu gramu 3. Yenye 375, uzito uleule, ina gramu moja na nusu tu. Ukiuziwa 9K kwa bei ya 18K, nusu ya dhahabu uliyolipia haipo!

Angalizo: 925 ni fedha, hata kama juu inang'aa manjano. Ukikuta GP, GEP au HGE, hiyo imepakwa dhahabu juu tu. Ikichubuka, rangi ya ndani itakuumbua mbele ya wakwe.

Ila muhuri hata tapeli anaweza kuugonga. Sumaku ikiivuta pete, achana nayo. Isipoivuta bado usishangilie, maana shaba nayo haivutwi. Kipimo cha sonara ni kuisugua kwenye jiwe jeusi, halafu anadondoshea asidi kwenye ule mchirizi. Mwambie afanye hivyo mbele yako, kisha aweke pete kwenye mizani uone mwenyewe.

Mwisho, risiti iandikwe karati na gramu, siyo "pete 1" tu. Akikataa kuandika, ondoka, maduka yapo mengi. Siku mtoto anadaiwa ada na mama anaamua kuuza hereni zake, atalipwa kwa karati na gramu, siyo kwa jinsi alivyopendeza siku ya harusi.

Kazi kwenu.