Kuku Walipogoma Kula

Mwaka 249 KK, karibu na Drepana, mji wa Sisilia unaoitwa leo Trapani, konsuli Publius Claudius Pulcher alikuwa na haraka ya kuwavamia Wakarthago. Lakini konsuli wa Roma hakuanza vita kabla kuku watakatifu hawajala. Mtunzaji alifungua tundu, akawamwagia chakula. Wangedonoa kwa pupa hadi punje ziwadondoke mdomoni, hiyo ingekuwa ndege njema. Siku hiyo hawakugusa kitu.

Waandishi wa Kirumi wanasimulia kwamba Claudius alihamaki, akaamuru watoswe baharini: hawataki kula, basi na wanywe. Akapigana, akapoteza merikebu 93. Aliporudi Roma alishtakiwa, akatozwa faini.

Kwetu ni kichekesho, lakini Warumi walijua wanachokilinda. Makuhani na waaguzi wao hawakuwa watawa waliojitenga na dunia. Walikuwa maseneta na majemadari wale wale. Kwa muda mrefu nafasi hizo zilishikwa na koo za kikabaila, mpaka Sheria ya Ogulnia ya mwaka 300 KK ilipozifungulia pia familia za plebeya. Mwaguzi akitangaza ishara mbaya, mkutano wa kura uliahirishwa, na mwenye nguvu akalazimika kungoja. Cicero, mwaguzi mwenyewe, aliandika kitabu cha kutilia shaka uaguzi, ila hakutaka ufutwe: aliona unaifaa dola.

Hatamu hiyo ilikatika polepole. Mwaka 59 KK konsuli Bibulus alijifungia nyumbani, akawa anatoa taarifa kwamba anatazama mbingu kusaka ishara. Kwa desturi, hilo lilitosha kusimamisha shughuli. Konsuli mwenzake, Julius Caesar, ambaye tangu mwaka 63 KK alikuwa Kuhani Mkuu, alipitisha sheria zake vilevile.

Mwaka 42 KK, miaka miwili baada ya Caesar kuuawa, Seneti ilimtangaza kuwa mungu. Mrithi wake, Augustus, akajiita mwana wa mungu, na mwaka 12 KK akatwaa ukuhani mkuu. Wafalme waliomfuata waliushikilia kwa karne kadhaa. Majemadari waliendelea kwenda vitani na kushinda, lakini ushindi ulihesabiwa kuwa wa Augustus, kwa sababu ndege, njema au mbaya, sasa ilikuwa yake peke yake.