Bei ya Pinboli na Viwanda vya Ng'ambo

Katika mwaka wa 1931, Marekani ikiwa imezama katika dhiki kubwa ya uchumi na watu wengi wakirandaranda mijini bila ya kazi, David Gottlieb wa Chicago alitoa kisanduku cha mchezo wa pinboli alichokiita Baffle Ball, kisicho na miguu wala umeme, kilichowekwa juu ya kaunta ya duka au ya kilabu, na kwa senti moja mchezaji akapata gololi kadhaa za kurusha kwa springi na kuzitazama zikiteremka baina ya misumari. Bei yake ilikuwa dola 17 na senti 50, na maombi yakazidi hata kiwanda kikashindwa kuyatimiza. Ndipo Raymond Moloney, mmoja wa waliokuwa wakiuza bidhaa hiyo, alipoazimia mwaka wa 1932 kutengeneza ya kwake, Ballyhoo, na kutokana nayo ikazaliwa kampuni ya Bally.

Dola hizo, zikihesabiwa kwa fedha ya leo, hazifiki 400. Ilhali mwaka wa 2023 mashine mpya ya daraja ya chini ya Stern Pinball, iliyoundwa kando ya Chicago ile ile, iliuzwa kwa dola 6,999. Aliyeshuhudia redio, saa na televisheni zikirahisika kila viwanda vya Asia vilipopanuka hana budi kuuliza kwa nini baraka hiyo haikuifikia pinboli.

Sababu ya kwanza imo katika chombo chenyewe. Tangu mwaka wa 1947, Gottlieb alipoipa mashine yake Humpty Dumpty vibawa vya kuipiga gololi irudi juu, kila mtengenezaji aliongeza taa, kengele, sumaku na njia za kupanda na kushuka, hata mashine moja ikakusanya maelfu ya vipande na waya mrefu ajabu, vyote vikifungwa kwa mikono ya mafundi. Fauka ya hayo, uzito wake hupita kilo 100, na idadi inayouzwa ni haba; basi ujira unaookolewa ng'ambo aghalabu humezwa na nauli ya meli na gharama ya kufunza watu kazi ambayo mafundi wa Chicago wameirithishana kwa vizazi.

Sababu ya pili ni nzito zaidi, nayo ni kwamba ushindani wa ng'ambo haukuja na pinboli rahisi, bali ulikuja na mchezo mwingine. Mwaka wa 1978 kampuni ya Taito ya Japani ilitoa Space Invaders, mchezo wa kioo usio na gololi ya kukwama wala pete za mpira za kubadilishwa, na miaka michache baadaye Nintendo ikaingiza michezo ya namna hiyo majumbani. Wenye kumbi za michezo wakahesabu faida yao, wakaigeuzia pinboli mgongo; na ijapokuwa The Addams Family ya mwaka wa 1992 iliuzwa zaidi ya mashine 20,000, kampuni ya Williams iliacha kuunda pinboli mwaka wa 1999, na Stern ikabaki karibu peke yake kwa zaidi ya miaka kumi.

Hapo mnunuzi naye akabadilika. Mwenye ukumbi hununua kwa hesabu ya sarafu zitakazoingia, walakini mkusanyaji, anayeiweka mashine sebuleni kwake, hununua kwa mapenzi, na mapenzi hayana bei maalumu. Kampuni ya Homepin ilijaribu kuunda pinboli Shenzhen, China, ikatoa Thunderbirds, lakini bei za soko hazikutikisika. Naam, vioo na vipande vya elektroniki kutoka Asia vimo ndani ya mashine za Chicago, ila nafuu yake hupotea katika ujira wa mafundi na malipo ya haki za filamu na bendi.

Kwa hiyo anayengoja viwanda vya mbali vimshushie bei ya pinboli angoje akijua hili: viwanda hivyo hurahisisha kinachotakiwa na mamilioni, na pinboli iliondoka katika hesabu hiyo zamani.