Ukomohedhi na Miaka Isiyo na Jina

Mume akimwambia muuguzi wa zahanati, “Mke wangu ukomohedhi umemwanza tangu mwaka jana,” ataeleweka vizuri, ingawa istilahi ameiweka pasipo pake. Kitabibu, ukomohedhi hauanzi wala hauendelei. Ni hedhi ya mwisho kabisa, tukio moja, na lenyewe halitambuliki linapopita: hutambulika baada ya miezi 12 mfululizo bila damu, mtu akigeuka nyuma na kuhesabu. Kinachowanyima wanandoa usingizi ni miaka inayolitangulia tukio hilo na ile inayolifuata, na kwa miaka hiyo Kiswahili bado hakijatulia kwenye jina moja.

Tuanze na jina lililopo. Hedhi ni neno la Kiarabu lililokwisha kuwa letu, neno la adabu, la kliniki na la msikitini. Majumbani watu husema mwezi: ameingia mwezini, hajauona mwezi wake, yuko kwenye siku zake. Daktari Mfaransa Charles de Gardanne, ambaye istilahi yake ya mwaka 1821 ndiyo iliyosambaa katika lugha za Ulaya, naye aliunganisha maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya mwezi na kukoma. Mama anayesema “mwezi wangu umekoma” ametafsiri Kigiriki bila kukisoma.

Maandishini tunakutana na ukomohedhi, komahedhi, kukoma hedhi, ukomo wa hedhi, na kwa wenye haraka, menopozi. Mimi nashika ukomohedhi. Linakaa katika ngeli ya U bila kusumbua: ukomohedhi wake, ukomohedhi wa mapema. Komahedhi masikioni mwangu ni kama mtu anaikemea hedhi ikome. Hata hivyo kitenzi chenyewe kina ukali kwa umbo lolote, maana ndicho tunachotishia nacho: utakoma, utanikoma. Mtaani wako wanaosema amekata hedhi, au damu imekatika, nayo yanaeleweka. Lisilofaa ni kufunga kizazi. Huo ni upasuaji ambao mtu huuchagua, na aliyefungwa kizazi akiwa na miaka 32 huendelea kuuona mwezi wake kama kawaida. Anayechanganya mambo hayo mawili mbele ya daktari anaweza kuondoka na majibu ya swali ambalo hakuuliza.

Lugha nyingine zimelitazama jambo hili kwa macho tofauti. Waarabu huuita umri huu sinn al-ya's, umri wa kukata tamaa. Wajapani husema konenki, neno linalotaja kipindi kizima na lenye silabi ya mwanzo inayobeba wazo la kufanywa upya. Katika lugha za ukanda wa Karagwe na jirani zake, mwanamke mzee ni omukaikuru, na hiyo -kuru ni ndugu wa -kuu yetu ya Kiswahili. Anayeitwa hivyo hatajwi kwa alichopoteza.

Sayansi ya karibuni inaelekea upande wa omukaikuru, na sehemu kubwa ya ushahidi wake imetoka huku kwetu. Mwanaanthropolojia Kristen Hawkes na wenzake waliishi na Wahadzabe, jamii ya wawindaji na wakusanyaji, kando ya Ziwa Eyasi, wakaona kuwa wanawake waliokwisha kukoma kuzaa ndio wachimbaji hodari wa mizizi, na wajukuu wanaolishwa na bibi hao hukua vizuri mama anapokuwa na kichanga kipya. Wakatoa hoja kuwa maisha marefu baada ya uzazi ni sehemu ya namna binadamu tulivyoumbika. Kisha mwaka 2023 jarida la Science likachapisha matokeo kutoka Ngogo, katika Hifadhi ya Kibale magharibi mwa Uganda: sokwe jike wa huko nao hukoma uzazi wakiwa na miaka kama 50, na baadhi yao huishi miaka mingi baadaye. Jambo hilo lilikuwa likijulikana zaidi kwa binadamu na aina chache za nyangumi. Sokwe, kwa kuwa majike huhamia kundi jingine wakikua, hawalei wajukuu wa binti zao, kwa hiyo hoja ya bibi haitoshi kueleza kila kitu.

Sasa turudi kwenye ile miaka. Tuchukue mfano wa kata ya Nyakatuntu mkoani Kagera, katika wilaya ya Kyerwa iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Ni nchi ya migomba na kahawa, na mwanamke wa miaka 47 huko hajapumzika: anapalilia kibanja, anavuna na kuanika kahawa, anabeba maji na kulea wajukuu wa kwanza. Usiku mmoja anaamka ndani ya chandarua akiwa amelowa. Kifua na shingo vinawaka, moyo unakwenda mbio, anatupa blanketi. Baada ya dakika chache anasikia baridi na kulitafuta tena. Sababu yake inaelezeka. Homoni ya estrojeni inapopanda na kushuka bila mpangilio, ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili huwa nyepesi kushtuka, hata kwa tofauti ndogo sana, na kuamuru mwili ujipoze: mishipa ya ngozi inatanuka, jasho linatoka. Wataalamu huandika joto la ghafla au mawimbi ya joto. Kiswahili kina neno zuri zaidi lililolala, nalo ni fukuto. Fukuto limempata, fukuto limempitia. Nashangaa kuwa vipeperushi vya afya havilitumii.

Kagera, fukuto lina majina mengine yanayoliwahi. La kwanza ni malaria. Mume mwema huenda duka la dawa, akanunua dawa ya mseto, mke akameza siku tatu, na wiki ijayo hali ikawa ileile. Kipimo cha haraka cha malaria huchukua dakika chache na kingewaepusha na dozi isiyo na kazi. La pili ni zito zaidi. Mkoani huku ndiko walikotambuliwa wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania, mwaka 1983. Kabla ya kifupi hicho cha Upungufu wa Kinga Mwilini kuenea, watu wa Kagera waliuita ugonjwa huo Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikipendwa na kuletwa kutoka Uganda. Waliokuwa vijana enzi hizo ndio wenye miaka hamsini na zaidi leo. Kwao jasho la usiku si jambo la kutajwa kwa jirani, na mwanamke anaweza kunyamaza miezi mingi kwa kuhofia watakavyomfikiria, mumewe akiwamo. Kupima VVU na kifua kikuu ni busara, kwani navyo huleta jasho la usiku; lakini majibu yakiwa safi, mtu anahitaji neno la kueleza kilichobaki.

Napendekeza mpito. Tayari wapo wanaosema kipindi cha mpito, na neno tunalijua kutoka kwenye siasa: serikali ya mpito ni ile ambayo mambo hayajatulia lakini sheria za zamani bado zina nguvu. Ndivyo mwili ulivyo. Hedhi inaruka miezi mitatu, inarudi nzito kuliko zamani, inatoweka tena, na katikati ya hayo yote mimba bado inawezekana. Wapo walioacha uzazi wa mpango kwa kudhani wameshakoma, wakajikuta kliniki pamoja na binti zao. Ushauri wa kawaida ni kuendelea na kinga mwaka mmoja baada ya hedhi ya mwisho kwa aliyevuka miaka 50, na miaka miwili kwa aliye chini yake. Anayetumia sindano ya miezi mitatu au kijiti ana fumbo la ziada, kwa sababu njia hizo zenyewe huweza kuikatisha hedhi. Kuhesabu miezi hakumsaidii, inabidi aongee na mtoa huduma.

Mpito una faida nyingine: unampa mume pa kuingilia. Ukomohedhi ni wa mwanamke peke yake, ila kipindi kinachokaliwa na watu wawili kinawahusu wote wawili. Na si kifupi. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015 ulionyesha kuwa kwa nusu ya wanawake waliopata fukuto mara kwa mara, hali hiyo iliendelea zaidi ya miaka saba. Mwanamume anayesubiri mkewe “arudi kuwa yule wa zamani” kabla ya mavuno yajayo amekosea kalenda.

Lililo gumu kutamka ni unyumba. Estrojeni ikipungua, uke hukauka na ngozi yake kuwa nyembamba, na tendo la ndoa huuma. Mke anajitenga, mume anatafsiri kuwa amechokwa au pana mwingine, na wapo wanaolifanya hilo kisingizio cha kuoa tena au kufungua nyumba ndogo. Huo ni uonevu, hasa pale ambapo mke mwenyewe hajui kwa nini mwili unamkatalia. Ukavu una dawa: vilainishi vya majimaji, na pale panapohitajika, krimu ya estrojeni kwa ushauri wa daktari. Mume anayeweza kusema “Mama Fulani, nikikuumiza niambie, tutatafuta njia” ameondoa nusu ya tatizo kabla ya kufika duka la dawa.

Mengine ni ya chumbani na shambani. Lala na kitenge chepesi karibu, dirisha lipate hewa, asiyeamshwa na jasho aache kulalamika kuhusu anayeamshwa. Rubisi ya jioni, na hata zile punje za kahawa za kutafuna ambazo mgeni hukirimiwa huku kwetu, huwazidishia baadhi ya wanawake fukuto; ajaribu kupunguza aone. Zipo siku za hasira na kusahau, na kukosa usingizi huzizidisha, kwa hiyo kumwachia alale asubuhi na kwenda wewe kukata majani ya ng'ombe ni matibabu. Fukuto likizidi, tiba ya homoni ipo. Jaribio la Marekani la tiba hiyo, lililosimamishwa mwaka 2002, liliwatisha wengi, lakini uchambuzi uliofuata umeonyesha kuwa kwa mwenye chini ya miaka 60, asiye na historia ya saratani ya matiti wala damu kuganda, faida mara nyingi huzidi hatari. Ni uamuzi wa hospitali, na si wa duka la dawa.

Wanaume wa Kyerwa njia ya kliniki wanaijua. Wamezoea kuwasindikiza wake zao wajawazito na kupimwa pamoja. Kwa mpito hakuna kadi wala siku ya kliniki, kwa hiyo mume hana anapoitwa, lazima ajialike. Akifika, asianze na neno ukomohedhi. Aseme mke wangu yuko kwenye mpito, kisha amwachie mwenyewe aeleze. Muuguzi atauliza tarehe ya hedhi ya mwisho, na ni vizuri iwe imeandikwa. Damu ikirudi kabla ya miezi 12 kutimia, hesabu inaanza upya. Ikirudi baada ya kutimia, hata tone moja, haiitwi hedhi tena: ni dalili ya kuchunguzwa mji wa mimba na mlango wake wiki hiyohiyo, katika nchi ambayo saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake.