Safari ya takwimu za afya kutoka zahanati hadi wizarani

Muuguzi wa zahanati anapomdunga mtoto chanjo ya surua, kazi yake haiishii kwenye sindano. Sharti aandike katika kijitabu cha mama, aandike tena katika rejista, kisha atie alama kwenye karatasi ya kuhesabia. Mwisho wa mwezi alama hizo hujumlishwa na kunakiliwa katika fomu za Wizara ya Afya, mathalani MOH 710 ya chanjo na MOH 705 ya maradhi yaliyotibiwa. Fomu hizo hutarajiwa kufika afisi ya kaunti ndogo kufikia tarehe 5 ya mwezi unaofuata, na takwimu kuingizwa mtandaoni kufikia tarehe 15.

Mtandao huo hutumia programu ijulikanayo kama DHIS2, ambayo asili yake ni Afrika Kusini. Utawala wa ubaguzi wa rangi ulipofikia kikomo mwaka wa 1994, nchi hiyo ilirithi idara 14 za afya, kila moja na fomu zake, hivi kwamba ilikuwa vigumu kulinganisha eneo moja na jingine. Watafiti wa huko, wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, walianza kwa kukubaliana na wahudumu kuhusu takwimu chache za lazima, ndipo wakaunda programu ya kuzihifadhi. Mpangilio huo wa hatua ni muhimu, kwani serikali nyingi hununua tarakilishi kwanza na kuuliza baadaye zitahesabu nini.

Kenya iliusambaza mfumo huo kote nchini mwaka wa 2011, ikiwa miongoni mwa mataifa ya kwanza barani kuutumia kupitia intaneti. Awali, wilaya zilijaza faili na kuzituma Nairobi, huku miradi ya malaria, kifua kikuu na Ukimwi ikiwa na njia zake yenyewe. Muuguzi yule yule aliulizwa jambo moja mara tatu.

Hata hivyo, mtandao hausahihishi hesabu. Tatizo sugu zaidi ni idadi ya watu. Ili kujua asilimia ya watoto waliochanjwa, ni lazima ijulikane watoto ni wangapi, na makadirio hayo hutokana na sensa. Ikiwa zahanati imekadiriwa kuwa na watoto 400 na ikachanja 460, ripoti itaonyesha asilimia 115, jambo lisilowezekana. Huenda waliozidi wametoka kijiji jirani, ambako nako takwimu zitaonyesha kana kwamba wazazi wanakwepa chanjo. Katika sensa ya 2009, serikali ilifutilia mbali matokeo ya wilaya 8 za Kaskazini Mashariki na Turkana kwa kuyatilia shaka. Katika maeneo kama hayo ya wafugaji wanaohamahama, makadirio yakiwa na dosari, dozi zinazopelekwa huweza kupungua au kuozea kwenye jokofu.

Ndiyo sababu wataalamu hulinganisha ripoti za zahanati na tafiti za nyumba kwa nyumba, kama ule wa Idadi ya Watu na Afya uliofanywa Kenya mwaka wa 2022. Tafiti hizo ziliwafikia hata waliojifungulia nyumbani, ambao hawamo katika rejista yoyote. Mpango wa Marekani uliozifadhili katika mataifa mengi ulisimamishwa Februari 2025.

Aidha, Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023 imeweka kanuni za kulinda siri za wagonjwa na kuunganisha mifumo mbalimbali. Katika zahanati yenye muuguzi mmoja na foleni ndefu mlangoni, lakini, suala la haraka zaidi ni nani atakayejumlisha alama zile mwishoni mwa mwezi. Mara nyingi fomu hujazwa usiku, na ripoti inapokwisha kutumwa ni nadra yeyote kurudi kumweleza ilionyesha nini.