Ng'ombe wa Gredi na Mkulima Mdogo

Katika taarifa ya mwaka yatupasa kuhesabu si fedha tu, bali pia njia tuliyoipita. Twapenda kukumbusha jinsi mkulima mdogo wa Kenya alivyojifunza kufuga ng'ombe wa maziwa, maana wako wasemao kwamba yeye ni mzito wa kupokea mambo mapya. Historia haiwaungi mkono.

Chama cha ushirika cha maziwa, K.C.C., kiliundwa na walowezi mwaka 1925, na kituo cha mbegu za madume kikaanzishwa Kabete mwaka 1946. Hayo yalimfaa kwanza mwenye shamba kubwa. Mpango wa Swynnerton wa mwaka 1954 ndio uliomfungulia mlango Mwafrika: vipande vya ardhi vikaunganishwa na kupewa hati, na ng'ombe wa gredi akaanza kuingia katika maboma yetu.

Hata hivyo, wengi walingoja. Je, ulikuwa ukaidi? La, hasha. Ng'ombe wa kienyeji alizoea kupe. Wa gredi aliweza kufa kwa ndigana katika siku chache, na akiba ya miaka ikapotea naye. Mwenye ng'ombe mmoja hana nafasi ya kubahatisha. Basi alimtazama ng'ombe wa jirani kwanza. Alipoona kwamba josho li karibu, mbegu yapatikana kwa bei nafuu, na maziwa yana mnunuzi, naye akanunua mtamba. Ndivyo ilivyoenea huduma ya taifa ya kupandisha kwa mbegu iliyoanza mwaka 1966. Na mradi wa mwaka 1980 ulipofundisha kufuga zizini na kulisha majani ya tembo, wenye ekari chache waliufuata, ijapokuwa mzigo wa kukata majani na kuteka maji uliwaangukia mara nyingi akina mama.

Katika miaka ya 1990 serikali ilipopunguza huduma hizo, gharama zilipanda, na wengi wakarudia dume la jirani. Hawakusahau elimu, walipungukiwa uwezo.

Kwa hiyo, mwenzetu akisita, tusimcheke. Tumwulize akosacho: ni josho, mbegu, maji, au soko? Kisha tukitafute pamoja, kwani kidole kimoja hakivunji chawa.