Ua, Mita Nne

Mwaka 2014 nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, na kazi yangu kubwa ilikuwa kukaa kibarazani kwetu Majengo na kumaliza unga wa mama. Mjomba akaona aibu kwa niaba yangu, akanitafutia kibarua. Kibarua chenyewe cha kuhesabu miti. Nikacheka. Mjomba akataja malipo ya siku, nikaacha kucheka.

Ofisi iliyotupa kazi sitaitaja, maana kosa nitakalolisimulia ni langu. Kulikuwa na eneo juu ya mji wa Moshi, kushoto kwa njia ipandayo Kibosho, lililopangwa kukatwa viwanja vya nyumba. Kabla bikoni hazijachimbiwa, kila kilichopandwa na mtu sharti kiandikwe ili mwenyewe alipwe fidia. Tulikuwa watatu: mthamini, mtu wa makamo mwenye buti za mpira, kijana mwenzangu wa kopo la rangi nyekundu, na mimi wa daftari na futikamba. Nyuma yetu alikuja mwenyekiti wa kitongoji, mzee mmoja ambaye wote walimwita Meku, na wenye mashamba wakiwa na watoto wao. Mwezi wa sita huko juu ni wa ukungu. Kibo hukioni wiki nzima, na ukisimama chini ya mgomba unalowa kuliko aliyesimama nje.

Kazi haikuwa ngumu. Mti wa mbao unazungushiwa futikamba usawa wa kifua, yaani mita 1 na sentimita 30 kutoka ardhini, kisha mzingo unaoupata unagawa kwa 3.14, unapata unene. Siku ya kwanza niliinama, nikapima karibu na mizizi. "Mti unapimwa kifuani, bwana mdogo, si magotini," mthamini akasema. Mazao yalikuwa na safu zake kwenye daftari: kahawa, migomba, maparachichi, maembe, na kila zao likagawanywa kwa umri: mche, kijana, unaozaa, mzee. Kilichokwisha kuandikwa kilipakwa rangi kisihesabiwe mara mbili. Mwishoni kulikuwa na safu nyembamba imeandikwa "Mengineyo".

Asubuhi ya siku ya pili tulikuta shamba moja ambalo jana yake lilikuwa majani matupu limeota miparachichi arobaini na tatu, mingine bado ina viriba vyake vya plastiki. Mthamini hakugomba. Aling'oa mmoja kwa vidole viwili, akaurudisha taratibu shimoni, akaniambia, "Andika sifuri." Mwenye shamba akacheka, tukacheka wote. Nilimwona mjanja. Jioni, nikiwa kwenye daladala, nikaanza kujiuliza ujanja ule alifundishwa na nani.

Nimekuja kusoma baadaye, nikaona kuwa alifundishwa na sheria. Mwaka 1923 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria iliyoifanya ardhi yote ya Tanganyika kuwa ya umma, chini ya gavana. Uhuru ukaja, ardhi ikabaki ya umma, ila sasa chini ya Rais. Ikafuata Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, nayo ikasema kwamba serikali ikitwaa ardhi tupu, hakuna fidia ya ardhi hiyo. Kinacholipwa ni kile mtu alichokiongeza juu yake: nyumba, kisima, mibuni, miti. Udongo wenyewe, ambao babu yako aliufia, sifuri. Sheria ya Ardhi ya 1999 ilibadili mambo. Thamani ya ardhi yenyewe ikaingia kwenye hesabu, na fidia ikatakiwa iwe kamili, ya haki, na ilipwe mapema. Sawa. Lakini watu walikuwa wameishi zaidi ya miaka thelathini wakijua kwamba mti ndio hati. Una mti, una neno. Una majani matupu, kaa kimya. Sasa uje umwambie mtu wa namna hiyo asipande usiku?

Na kwa Wachaga somo lenyewe halikuanza na Mwingereza. Kihamba ndicho shamba la nyumbani, la migomba, baba anakirithisha kwa mwana, na mpaka wake hauhitaji bikoni kwa sababu umepandwa masale, yale majani marefu ya kijani yasiyokauka. Hayo niliyajua tangu shule ya msingi. Nilijua masale ni mpaka. Nilidhani nimeshamaliza kuyajua.

Kitu kilichonishangaza ni jinsi daftari letu lilivyojua kahawa. Mibuni ililetwa Kilimanjaro na wamisionari Wakatoliki huko Kilema, miaka ya mwisho ya karne ya 19. Walowezi hawakufurahi kumwona Mchaga naye anapanda, na mwaka 1925 wakulima wakaunda chama chao, KNPA. Mwaka 1933 ikazaliwa KNCU. Kwa hiyo zao hili limezoea kuhesabiwa na kuandikwa. Mzee mmoja alikuwa na mibuni 212. Kila nikiandika "mzee" kwenye safu ya umri, ananisahihisha. Huu ni ada ya mtoto wa kwanza. Ule pale haukutoa hata punje moja chulebuni ilipoingia miaka ya sitini, na baba yake akakataa kuukata. Hii ya mwisho ilibaki peke yake jirani alipong'oa yake yote, mwanzoni mwa miaka ya 2000 bei ilipoanguka, akapanda nyanya. Mimi naandika: mzee, mzee, mzee.

Katikati ya mibuni hiyo ulisimama mruka. Wewe uliyekulia mjini huenda hujautambua, ila umeuona: mti mrefu wa kichwa kipana kama mwavuli, majani madogo madogo. Kahawa inakaa chini yake kwa raha, na majani yake yakianguka yanarutubisha udongo. Niliuzungushia futikamba, haikutosha, tukaunganisha na kamba ya mwenzangu. Mthamini akauliza nani aliupanda. Mzee akasema hakuna. Uliachwa msitu ulipofyekwa, na waliouacha hakuwajua. Basi ukaingia Mengineyo, bila bei, kwa kuwa fidia ni ya jasho la mtu na hapakuwa na jasho lililotajwa. Mgrivea wa jirani yake, ambao asili yake ni Australia, ulikuwa na safu yake safi kabisa. Msesewe, ambao bila gome lake mbege haina uchungu wa kuitwa mbege, nao Mengineyo. Mringaringa vivyo hivyo.

Sisemi kwamba haiwezekani kuandika vizuri. Mwaka 1984 Fernandes, O'Kting'ati na Maghembe walichapisha utafiti wao wa vihamba vya Wachaga, wakaorodhesha aina zaidi ya 100 za mimea ambayo watu huitumia, katika mashamba ambayo kwa wastani hayafiki hata hekta moja. Andreas Hemp, Mjerumani aliyeuzunguka mlima huu kwa miaka mingi, mwaka 2006 alitoa hesabu ya zaidi ya aina 500, magugu na yote. Daftari letu lilikuwa na safu kumi na mbili.

Meku alikuwa anafuatilia tunavyobishana na ule mruka. Akachomeka fimbo yake ardhini.

"Na ule wa Tsudunyi? Ule mngeuandika safu gani?"

Mthamini, ambaye si mtu wa mlimani, hakumwelewa. Mimi nilimwelewa. Tsudunyi iko Old Moshi, kulikokuwa na boma la Wajerumani kabla reli kutoka Tanga haijafika 1911 na mji kukua huku chini. Pale upo mti ambao wenyeji wanauonyesha hadi leo. Tarehe 2 Machi 1900 Wajerumani walimnyonga Mangi Meli na viongozi wenzake, wote 19, wakiwemo Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho. Kichwa cha Meli kinaaminiwa kuwa kilipelekwa Ujerumani, na mjukuu wake, Mzee Isaria Meli, alikitafuta kwa miaka mingi. Mwaka 2023 makumbusho ya Berlin yalitangaza kwamba vipimo vya vinasaba vimewapata ndugu walio hai, huku Tanzania, wa baadhi ya mafuvu yaliyowekwa kule. Siku ile ya 2014 hilo lilikuwa bado. Meku alikuwa anauliza tu kuhusu mti, na sisi tukawa hatuna safu.

Mchana tukaingia shamba la bibi mmoja, namba saba kwenye orodha. Wengine walikuwa wakituvuta mikono, "hujaona mpapai wangu kule nyuma". Yeye alisimama mbali, khanga kichwani, anaitika tu. Nyuma ya nyumba, chini ya mringaringa, nikakuta masale yamepandwa kwa umbo la mraba, mita moja kila upande, ndani hamna kitu ila majani yaliyofagiliwa.

"Bibi, huu ni ua wa nini?"

Akaniangalia kidogo. "Ni masale tu, mjukuu wangu."

Nikaandika: Ua, mita 4. Mwandiko mzuri kabisa, ninao mpaka leo kichwani.

Jioni kabla ya kusaini ilikuwa desturi kusoma orodha kwa sauti, kila mwenye shamba asikie chake. Nikasoma namba moja, mbili, tatu. Nilipofika saba Meku akasema, "Soma tena." Nikasoma tena. Watu wakawa kimya, wengine wanaangalia chini.

"Wewe mtoto wa nani?"

Nikamtajia ukoo wetu na kijiji alikotoka babu.

"Basi umepotelea Majengo. Ua gani wa kuzungushia hewa? Pale amelala mtoto wake."

Ndugu msomaji, nilitamani ukungu ushuke unifunike. Bibi alikuwa ameshaondoka. Nikamwambia mthamini, naye akafungua upya fomu ambayo angeweza kuniambia imeshafungwa. Kaburi lina utaratibu wake, akasema, lipo katika Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969. Ua halina. Ua litasukumwa na tingatinga pamoja na migomba.

Meku akaniambia nichukue isale niende kwa bibi. Kwa Wachaga, mtu aliyekukosea akikuletea jani la isale lililofungwa fundo, humrudishi hivi hivi. Hilo pia nilikuwa nimelisoma mahali. Nikakimbia moja kwa moja kuelekea nyuma ya nyumba.

"Si pale!" akapiga kelele. "Yesu wangu, si pale!"

Akacheka mpaka akakohoa, akanipeleka mpakani kwake mwenyewe, akachuma, akafunga fundo, akaniwekea mkononi kama mtu anayemfundisha mtoto kushika kijiko.

Bibi alilipokea. Alilizungusha zungusha, akaliweka mapajani.

"Nilikuambia ni masale tu ili uandike masale tu," akasema. "Mkiandika kaburi, mtamfukua."

Sikuwa nimefikiria hivyo. Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha kwa kutojua, kumbe kutojua kwangu ndiko alikokuwa anakutegemea. Nikamweleza habari ya tingatinga. Nilieleza vibaya, kwa maneno mengi. Akauliza swali moja: mashine hiyo inachimba kwenda chini kiasi gani? Nikasema sijui. Akasema nirudi kesho.

Kesho yake asubuhi alikuwa anatungoja barabarani. "Andika," akasema. Nikakata ule mstari wa ua, nikaandika kaburi moja, mwenyekiti akasaini pembeni, bibi akaweka dole gumba.

Sikuwepo walipomhamisha mtoto. Nilisikia alipelekwa juu, kwenye kihamba cha ukoo, akiwepo mwinjilisti, na kwamba bibi alikata vipande vya yale masale akaenda kuvichomeka kule. Masale hayasumbui, kipande kinashika chenyewe. Pesa zilizobaki sijui alizifanyia nini, na si kazi yangu kujua. Matokeo yangu yalitoka, nikaenda chuo, nikaacha kuhesabu.

Mwaka jana rafiki yangu alinikaribisha kwa shemeji yake, huko huko, kushoto kwa njia ya Kibosho. Nyumba nzuri, geti jeusi, uwanja umepangwa matofali mpaka kwenye ukuta. Nilijaribu kutafuta mruka ulikuwa wapi nikashindwa. Nadhani ni pale lilipo tangi la maji la jirani. Tukakaribishwa sebuleni. Kando ya televisheni, ndani ya chungu cha plastiki kilichowekewa kokoto nyeupe, kulikuwa na isale limenyooka vizuri, majani yamefutwa vumbi.

Nikamwuliza mama mwenye nyumba amelitoa wapi.

"Lile? Tulinunua Arusha," akasema, akinisogezea soda. "Ni ua tu."