Ukatili Ulipoanza Kuhesabiwa kama Ugonjwa

Azimio la Arusha, lililotangazwa tarehe 5 Februari 1967, liliwataja watoto wadogo na wazee wasiojiweza miongoni mwa wachache wanaostahili kuishi kwa jasho la wengine. Lilisema kweli, ila hatari ya makundi hayo mawili hutoka humohumo: anayekulisha akikupiga, utakimbilia kwa nani?

Chini ya Mlima Meru, huko Arusha, mashauri yalipelekwa kwa wazee wa rika. P. H. Gulliver, aliyewachunguza Waarusha miaka ya 1950, alieleza jinsi ugomvi ulivyomalizwa kwa mazungumzo na maridhiano. Utaratibu huo ulifaa kwa mipaka ya mashamba. Kwa mtoto nadhani ulipwaya, maana hana rika la kumsemea.

Muda si mrefu baadaye madaktari wa ng'ambo walianza kuona jambo jingine. Mwaka 1962 C. Henry Kempe na wenzake, huko Marekani, walieleza habari za watoto waliovunjwa mifupa na walezi wao wenyewe; mwaka 1975 daktari mmoja wa Uingereza akaandika kuhusu vikongwe wanaopigwa na wanaowatunza. Hatimaye, mwaka 1996, Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ukatamka kwamba ukatili ni tatizo la afya ya jamii. Basi ungeshughulikiwa kama kipindupindu: wahesabiwe waathirika, kitafutwe chanzo, kisha kizibwe kabla mwingine hajaumia.

Tanzania ilianza na sheria. Mwaka 1998 kumkeketa msichana aliye chini ya miaka 18 kukawa kosa la jinai. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa 2015/16 ulikuta asilimia 41 ya wanawake wa Mkoa wa Arusha wamekeketwa, na nchini kote zaidi ya theluthi moja ya waliokeketwa walifanyiwa hivyo kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Wapo wanaosema hofu ya polisi ndiyo iliyoshusha umri. Wengine wanakumbusha kwamba kwa Wanyaturu na Wagogo vichanga walikeketwa tangu miaka ya 1970, kwa imani kwamba kisu huponya lawalawa, maambukizi ya sehemu za siri. Hoja zote mbili zina uzito, lakini ya pili inafundisha zaidi: maradhi hayo yalihitaji usafi na dawa, na muuguzi wa zahanati angeweza kuokoa wengi ambao askari hakuwafikia.

Ndivyo ilivyokuwa Usukumani pia, ambako vikongwe waliuawa kwa kudhaniwa wachawi. Macho mekundu yalichukuliwa kuwa ushahidi, kumbe ni moshi wa samadi iliyokokwa jikoni miaka nenda rudi. Ugomvi wa urithi nao ulichangia, pengine kuliko imani yenyewe. Wilayani Magu, shirika la HelpAge na washirika wake walihamasisha majiko yasiyotoa moshi mwingi.

Mwaka 2009 watoto wakahesabiwa katika utafiti wa kitaifa. Matokeo yake, yaliyotangazwa 2011, yalionyesha kwamba karibu wasichana watatu kati ya kumi walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya miaka 18, na karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walipigwa au kuumizwa. Kutokana na takwimu hizo ukazaliwa, Desemba 2016, mpango wa MTAKUWWA (Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto), wenye kamati za ulinzi hadi mitaani na vijijini.

Wazee hawamo katika jina la mpango huo. Utafiti wa 2009 nao uliwahoji wenye miaka 13 hadi 24 tu, ilhali Jiji la Arusha lilikua kutoka watu 416,442 mwaka 2012 hadi 617,631 mwaka 2022, wakiwamo bibi na babu ambao utafiti huo haukuwahesabu.